Dirisha Alilotoboa Mama Yako

Faida mwanangu,

Umekwenda Kalobeyei kumuaga mwalimu wako, na mama yako yuko uani anagombana na mizani, kwa hiyo mchana huu meza ni yangu peke yangu. Mizani yenyewe ni ile ya kuning'iniza tuliyoazima kwa muuza samaki wakavu, yule anayeleta mzigo kutoka Lowarengak, na sanduku lako jipya limeshaanza kunuka samaki. Usimlaumu mtu. Siku utakapolifungua huko kwenye theluji, harufu hiyo itakuwa ndiyo sisi.

Sitakuandikia habari za pasipoti, wala za kula, wala za kusali. Hayo mama yako ameshayasema, na kesho atayarudia mpaka gari la Lodwar liwashe injini. Mimi nataka kujibu swali lako la Jumapili. Tulikuwa tunatoka kanisani, tunakata laga, ule mto mkavu, viatu umevishika mkononi kwa ajili ya mchanga, ukaniuliza bila kunitazama, "Baba, na kama sitaipenda hii kazi?" Nikasema, "Tutaona." Kisha nikaanza kukuonyesha mawingu, kana kwamba yale mawingu yalikuwa na lolote la kutuambia.

Hilo halikuwa jibu. Umepata nafasi ya kwenda kaskazini ya mbali huko Kanada, kusomea namna ya kupasha majengo joto na kuyapitishia hewa, kazi ileile niliyoisomea mimi ujanani. Hapa kambini Kakuma kila mtu anasema mtoto anakwenda kumalizia kazi ya baba. Mchungaji naye alilisema mbele ya watu wote, na mimi nikatabasamu. Wewe hukutabasamu. Nilikuona.

Jibu langu ni refu, na lazima lianzie mbali. Vumilia.

Nchi yangu ya baridi haikuwa hiyo Kanada yako, na nilipofika huko kusoma nilikuwa na umri kama wako, kijana wa Uvira ambaye baridi yote aliyoijua ni ile ya alfajiri kando ya ziwa. Nililala chumba kimoja na Khamis, Mzanzibari aliyekuwa akisomea injini za meli, mtu wa maneno mengi na mikono mizuri ya kupika. Ukutani juu ya dirisha letu palikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja, limewekwa wavu, na humo baridi ilikuwa ikiingia usiku na mchana kama mtu anayekupulizia shingoni. Tulilitazama, tukatazamana.

"Hawa wamesahau kuziba," Khamis akasema.

Tukaziba sisi. Tulisokomeza taulo, na juu yake tukabandika kanga aliyopewa na mama yake, ili pia tupate pambo. Chumba kikawa na joto la kwetu. Tukawa tunapika maharage humo humo, kifuniko wazi, tunakula tukiwa tumevaa fulana, huku nje mto umeganda hata malori yanapita juu yake. Tulijiona watu wenye akili kuliko waliojenga.

Baada ya muda kioo cha dirisha kikaota barafu kwa ndani. Maji yakaanza kuteremka ukutani. Asubuhi moja Khamis akakaa kitandani, akajipangusa uso, akasema kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, huku ndani kunanyesha." Vichwa vilikuwa vinatuuma kila tukiamka, tukasema ni masomo. Suti yangu ya pekee, iliyoshonwa Bukavu kwa mchango wa ukoo mzima, ilikuwa kwenye kabati lililoegemea ukuta wa nje. Nilipoitoa ilikuwa imeota kuvu la kijani mabegani, kama kanali wa jeshi nisilolijua.

Sasa sikiliza kilichonichekesha maisha yangu yote. Wiki zilezile nilikuwa na mtihani, na swali moja lilihusu jambo hilo hilo: watu wawili wanalala katika chumba kilichofungwa, pumzi zao zinatoa mvuke kiasi gani, na hewa kiasi gani ibadilishwe ili ukuta usilowe. Nililijibu vizuri mno. Mwalimu akanisifu. Nikarudi chumbani na sifa zangu, nikalala chini ya tundu lililozibwa. Ilichukua muda kabla mambo hayo mawili hayajakutana kichwani mwangu, na yalipokutana nilisimama juu ya kiti nikalivuta lile taulo, nikaliona limekuwa gumu kama ubao.

Watakufundisha haya kwa hesabu nzuri zaidi ya zangu, lakini ngoja nikwambie kwa maneno. Mtu ni sufuria ndogo iliyo motoni. Anatoa mvuke akipumua, akioga, akipika, akilia. Katika nchi ya baridi kali nyumba ni kifuniko, na ule mvuke unatafuta mahali pa baridi kuliko pote ili ugeuke maji hapo. Ukikuta ufa unapenya hadi katikati ya ukuta, unaganda humo, na majira ya joto yakija unayeyuka na kuozesha mbao bila mtu kujua. Ndiyo maana kutengeneza joto si kazi ngumu. Kuni zozote hufanya hivyo. Ugumu uko katika kuitoa hewa iliyotumika bila kutoa na joto lote. Siku hizi kuna mitambo ambamo hewa inayotoka na hewa inayoingia hupita pembeni kwa pembeni, kati yao kuna bati jembamba. Hazichanganyiki, lakini ile inayotoka huiachia inayoingia joto lake, kama watu wawili wanaopishana mlangoni na mmoja akamvika mwenzake koti. Wakati wangu mtambo huo ulikuwa mchoro tu kitabuni. Na baridi ikizidi sana mtambo wenyewe huziba kwa barafu ya pumzi za watu, hapo ndipo inabidi mtu akae chini afikiri, na ningependa sana kukuona wewe unavyo...

Unaona? Nimeanza tena.

Nilimaliza masomo, nikarudi Uvira na cheti cha kupasha nyumba joto katika mji ambao watu hulala uani kutafuta upepo. Nilifundisha hesabu. Kisha vita vikatufikia, tukavuka ziwa, tukakaa Tanzania, na mwisho tukafika hapa Kakuma. Katika safari yote hiyo nilibeba kitabu changu kikubwa cha masomo, kile chenye jalada la bluu, nimekifunga kwenye nailoni. Mama yako hajanisamehe. "Wenzangu waume zao walikimbia na sufuria," huwaambia wageni. "Huyu wangu alikimbia na barafu." Ndipo likaanza lile jina. Hadi leo vijana wa bodaboda wakiniona barabarani hupunguza mwendo na kunisalimu kwa Kiturkana: "Ejok, Mzee Barafu. Leo huko kwenu ni digrii ngapi?" Nami huwajibu, "Ejok. Leo malori yanapita juu ya mto." Hawajawahi kuniamini.

Tulipopewa kiwanja hiki wewe ulikuwa mtoto mchanga. Wakati huo watu wengi wa kambi walikuwa wakiitwa kuhojiwa ili wapelekwe nchi za mbali, na mimi nilikuwa na hakika kwamba zamu yetu iko karibu. Tulifyatua matofali ya udongo, tukapewa mabati, tukapandisha kuta. Mama yako akauliza dirisha litakaa wapi.

"Dirisha la nini?" nikasema. "Tunaondoka."

"Si wewe uliyesomea hewa?"

"Nilisomea ya nchi za baridi."

Nilisema hivyo kweli. Nyumba ikasimama na mlango mmoja na kuta nne zisizo na tundu, chini ya bati na jua la Turkana, kwa sababu bwana mhandisi, yaani mimi, alikuwa njiani kuondoka. Ulitokwa na vipele vya joto mwili mzima. Mama yako alikuwa akikupepea kwa kifuniko cha sufuria, huku akinitazama. Mimi nilikuwa nikimwambia avumilie kidogo.

Halafu kuna siku niliombwa nimsindikize jirani mgonjwa hospitalini Lodwar, nimtafsirie. Tulilala Kanamkemer, mtaa wa mji huo huo, kwa mtu tuliyefahamiana naye. Niliporudi niliona kitu cha ajabu kutoka mbali: nyumba yangu ilikuwa na mwanga ubavuni. Mama yako alikuwa ametoboa ukuta kwa panga, na Mama Hodan, jirani yetu Msomali, alikuwa amemshikia matofali yasimwangukie. Lilikuwa tundu baya, limekwenda upande, halina fremu wala pazia. Mama yako alikuwa amesimama kando yake, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Sasa kama una haraka," akaniambia, "ondokea hapa."

Mama Hodan alilazimika kwenda kucheka kwake.

Nilinuna hadi jua lilipotua. Kisha upepo ukaanza kupita, unaingia dirishani na kutoka mlangoni, na wewe ukalala bila kupepewa. Mama yako alikaa tu akifuta jasho, na mimi nikaenda kutafuta mbao za fremu.

Naandika chini ya dirisha hilo. Bado limekwenda upande. Nilikataa kulinyoosha tulipojenga upya. Hatukuondoka, kama ujuavyo. Faili letu lilikwenda likarudi, likaenda tena, na siku hizi sikai nikilihesabia siku. Lakini miaka ile ya mwanzo niliishi hapa kama mtu aliyepakata begi mapajani. Sikupanda mti. Sikujifunza Kiturkana zaidi ya salamu. Kila kitu nilikipima kwa kuuliza kama kinafaa kwa watu wanaoondoka. Ule mwarobaini wa uani, ambao chini yake mama yako anagombana na mizani sasa hivi, ungekuwa na kivuli maradufu kama ningeupanda siku tulipofika.

Hofu yangu kwako ndiyo hiyo, kuliko baridi. Baridi ina makoti. Najua utafika kule na kuanza kungoja: kungoja cheti, kungoja barua kutoka kwetu, kungoja siku utakayotuita au siku utakayorudi. Chumba chako utakiona cha kupita tu. Piga msumari ukutani siku ya kwanza, mama, utundike kitu, hata kama ni ufunguo. Jua jina la mtu wa mlango wa pili. Na ukiona tundu linaloingiza baridi, kabla hujalisokomeza taulo, uliza limewekwa la nini.

Likizo moja ya masomo yangu nilipelekwa kujifunza kazi katika mji ulio kaskazini zaidi, ambako ardhi yenyewe imeganda na haiyeyuki hata wakati wa joto. Nyumba za huko zimesimamishwa juu ya nguzo, upepo unapita chini yake. Zile za zamani zilikuwa zimekaa moja kwa moja juu ya udongo, na joto la ndani liliyeyusha ardhi iliyozibeba. Niliona nyumba imezama kona moja, mlango haufungi, na ndani kuna mzee amekaa raha mustarehe kwenye joto lake, kikombe cha chai kinateleza mezani. Nimemfikiria sana yule mzee katika siku hizi za safari yako. Nitakwambia kwa nini.

Baada ya lile dirisha nilitoka nikatafuta kazi. Kikundi cha akina mama washonaji kilikuwa kimepata mabati na matofali, kikaniomba nichore chumba cha mafunzo. Nilikichora kwa furaha ya mtu aliyenyimwa kalamu miaka mingi. Vumbi liliwasumbua, basi nikaziba kila mwanya. Dari nikaifunga vizuri, kuta nene, madirisha madogo, mlango unaokaza. Kilikuwa chumba safi sana. Kingeweza kusimama juu ya ule mto ulioganda na wasichana wakashona humo wakiwa na mikono mitupu. Wiki ya kwanza haikwisha kabla akina mama hawajabeba vyerehani wakaenda kukaa nje, wamefunga turubai kwenye miti.

"Baba Faida ametujengea tanuri," mama yako akawaambia mbele yangu. "Sasa atuletee unga."

Wewe ulikuwa shule ya msingi. Unakumbuka? Tulikwenda kwa Mama Hodan kuazima kile chetezo chake cha ubani, tukazunguka nacho chumbani, wewe umekishika kwa mikono miwili, tunatazama moshi. Mama Hodan alitufuata hadi mlangoni.

"Injinia, mnafukuza jini?"

"Ndiyo," ukamjibu. "Jini lenyewe ni joto."

Moshi ulipanda hadi darini, ukatanda, ukakosa njia, ukaanza kuturudia machoni. Hapo nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimewajengea watu wa Kakuma ulinzi dhidi ya adui wa mji mwingine. Tukabomoa dari. Tukainua bati la mgongoni mwa paa ili hewa ya moto ipate pa kutokea, na chini tukatoboa matundu upande ambao upepo wa vumbi hauji. Tuliporudi na chetezo, moshi ulipanda ukatoka juu moja kwa moja, mwembamba kama uzi. Ukacheka. Ulicheka kicheko kirefu, ukarudia tena na tena kuusogeza moshi uone kama utaijua njia.

Mimi nikakusimamia pale na chozi jichoni, nikajiambia: huyu ndiye. Tangu siku ile nilikununulia penseli nzuri kuliko uwezo wangu. Nilikufundisha hesabu ambazo shule haikuwa imezifikia. Tukikaa kula nilizungumza habari za kuta. Ulikuwa mtoto wa msaada, hukukataa, na alama zako zilikuwa nzuri, nami kila alama niliihesabu kuwa ni ndiyo.

Tangu Jumapili, baada ya lile "Tutaona" langu, nimekaa nimewaza: labda siku ile ulipenda moshi tu.

Mtoto hucheka akiona moshi unatii. Haina maana kwamba ameniahidi maisha yake. Mimi nilikuwa yule mzee na chai yake, nimejipasha joto kwa ndoto yangu vizuri kabisa, sikuuliza chini kunayeyuka nini. Na aliyekuwa chini ni wewe.

Basi hili ndilo jibu. Kama hutaipenda, iache. Jaribu kwanza kwa haki, usiihukumu kwa majira ya baridi ya kwanza, maana majira hayo huchukiza kila kitu. Lakini ukiona siku zinapita na huna hamu ya kujua mtambo unazibaje kwa barafu, wala huoni raha hesabu ikikubali, nenda kwa walimu wako ukawaulize njia nyingine, na wala usiniombe ruhusa. Siwezi kukuambia sitaumia. Nitaumia siku kadhaa, nitakaa kimya mezani, mama yako atanitafutia jina jipya, kisha nitapona.

Wala usidhani unaacha kitu nusu. Watu hunionea huruma, husema elimu ya mzee huyu ilipotea. Kile chumba cha washonaji bado kimesimama, kimejaa, na vyerehani viko ndani. Baada ya hicho waliniita kwenye zahanati, kisha kwenye madarasa ya Kalobeyei, na mwalimu uliyekwenda kumuaga leo anafundisha chini ya paa nililolichora. Nilifundishwa kwa ajili ya watu wanaoganda, nikawafanyia kazi watu wanaoungua, na hewa ni ileile, ya moto hupanda, nzito hushuka. Kazi yangu niliimaliza, Faida. Niliimalizia hapa. Ilinichukua muda kuona kwamba hapa ni mahali.

Na kama utaipenda, niandikie juu ya ile barafu kwenye mtambo. Hilo nalo ni kweli, siwezi kujizuia.

Mama yako amepiga kelele. Anasema sanduku limezidi tena, na kwamba kile kitabu changu kinakula kilo za mtoto. Nilikitia humo juzi, chini ya sweta, bila kukuambia wala kumwambia yeye, na nilikuwa tayari kukitetea hadi kesho. Kimeandikwa kwa lugha ya nchi niliyosomea, ambayo katika Kakuma yote naisoma mimi peke yangu. Ungekibeba hadi Kanada, ungekiweka mahali ambapo ungekiona kila asubuhi, na kisingekuwa na la kukuambia isipokuwa kwamba ni changu.

Nimerudi mezani. Nimekitoa, nimekiweka kwenye kizingiti cha dirisha, mahali pake. Mama yako aliitazama mizani, akanitazama mimi, akafunga zipu polepole.

Kitabu kilipokuwa pamebaki nafasi, kati ya sweta na viatu. Atataka kuijaza dagaa kesho asubuhi. Mkatalie. Fika nayo hivyohivyo, tupu.

Baba yako, chini ya dirisha